Maji Yaingiapo Sipo Yaonekanapo

Methali yetu yatuonya kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Ni onyo la haki, na wengi wamejenga kuta kwa sababu ya kulipuuza. Lakini methali ni fupi, na katika ufupi wake pana neno moja halikusemwa: ufa wenyewe u wapi? Kuziba ni kazi ya mikono, na mikono ni mingi. Kuujua ufa ni kazi ya macho, akili na subira, na hivi havipatikani kwa wingi. Nataka kukueleza habari za motokaa moja iliyokuwa ikiingia maji hapa Waithaka, kwa kuwa motokaa ile ilinionyesha tofauti ya kazi hizi mbili waziwazi kuliko kitabu chochote nilichosoma katika chuo cha ualimu.

Kwanza ujue mahali penyewe. Waithaka iko magharibi ya jiji la Nairobi, katika Dagoretti, juu ya miinuko inayopanda kuelekea Kikuyu. Udongo wetu ni mwekundu. Wakati wa kiangazi hupeperuka vumbi likaingia hata ndani ya kabati lililofungwa, na wakati wa mvua hugeuka tope lishikalo kiatu kama gundi. Mvua hutujia mara mbili kwa mwaka: masika tangu Machi hata Mei, na vuli tangu Oktoba hata Desemba. Katikati yake, Juni hata Agosti, huja baridi na mawingu mazito, na nguo zilizoanikwa asubuhi aghalabu huanuliwa jioni zingali mbichi. Kitu kikilowa katika miezi hiyo hakikauki upesi.

Katika mahali kama hapa, motokaa ya paa la turubali ni kitu cha kustaajabisha. Nyingi tunazoziona zina paa la chuma. Lakini jirani yangu mmoja, bwana aliyependa motokaa kama wengine wapendavyo ng'ombe, alijinunulia moja ya viti viwili, ambayo paa lake hukunjwa nyuma mithili ya mwavuli. Ilikuwa Mazda, ya namna ile iitwayo MX-5 katika nchi nyingi, na Roadster huko kwao Japani. Namna hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago, Marekani, mwezi wa Februari 1989, ikapendwa sana hata mwaka 2016 idadi ya zilizotengenezwa ikafika milioni moja. Kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani wao uko kulia. Na kwa kuwa kanuni za Kenya hukataza kuleta nchini motokaa iliyotumika zaidi ya miaka minane, nyingi hutufikia zingali na nguvu zao.

Bwana yule alifariki dunia. Alimwachia mkewe nyumba, watoto watatu, na motokaa ile. Mjane hakuwa dereva. Aliiacha uani, chini ya mgrevilea mkubwa, ikakaa hapo karibu miaka miwili, ikinyeshewa na kuangukiwa na majani. Kijana wake wa kwanza alipopata nafasi katika chuo cha ufundi, mama akaamua kuiuza apate karo. Mnunuzi akaja siku ya pili baada ya mvua. Alifungua mlango, akatia mguu ndani, na maji yakapanda juu ya zulia yakauzunguka unyayo wa kiatu chake. Hakuangalia tena injini. Akataja bei ya chuma chakavu, akaenda zake.

Mafundi wawili waliitwa, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliona maji yamesimama mbele, miguuni pa dereva, akasema maji yaingia mbele. Wa kwanza alizungushia kioo cha mbele gundi nyeusi. Wa pili aliongeza gundi milangoni, akaingia hata chini ya motokaa akaziba kila tundu aliloliona, kwa kudhani maji ya barabarani hurukia ndani kupitia hapo. Mvua iliyofuata maji yakazidi. Sisemi haya kwa kuwadharau mafundi wetu wa jua kali. Mikono yao imefufua motokaa nyingi zilizokatiwa tamaa, na mtu aendaye Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, ataona kazi ambazo huko zilikotengenezwa motokaa hizo zingeambiwa haziwezekani. Nasema tu kwamba haraka ya mteja na njaa ya fundi zikikutana, ufa hutafutwa pale penye maji, na si pale maji yanapotoka.

Kisha likaja shauri la tatu, nalo lilikuwa jepesi kuliko yote. Ndugu mmoja wa marehemu alisema: ingojeeni Januari, wakati wa jua kali, kausheni zulia, nyunyizieni manukato, mwuzeni mgeni kabla ya masika. Shauri hili halikuhitaji fundi wala gundi, na karo ilikuwa ikingoja. Mama alilifikiri usiku mmoja. Asubuhi alinijia akaniambia, "Mwalimu, huyo nitakayemwuzia naye ana watoto. Wewe wafundisha sayansi. Hebu nisaidie kujua kama motokaa hii imekufa kweli au imesingiziwa." Nikamjibu, "Mama, mimi si makanika. Lakini maji yana tabia zake, na tabia hizo twazifundisha darasani. Niachie kijana wako siku mbili za mapumziko, tuiulize motokaa yenyewe."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye faida kwako, hata kama hutamiliki motokaa maisha yako yote.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kutafuta maji yatoka wapi, bali kuuliza ni maji gani. Motokaa ina maji ya namna nyingi. Yako ya rejeta, ambayo hutiwa dawa; yana rangi, na harufu yake ni ya utamutamu, na yakivuja ndani huacha utelezi. Yako ya kipoza-hewa, ambayo ni safi na hudondoka wakati mashine hiyo inapofanya kazi. Na yako ya mvua. Tulichota ya sakafuni kwa kijiko tukayatia katika glasi nyeupe. Yakatulia, na chini yake pakabaki utando mwekundu na vipande vya majani membamba. Rejeta haina udongo wa Waithaka, wala kipoza-hewa hakina majani ya mgrevilea. Basi yalikuwa maji ya mvua, na maswali mengi yakafa kwa jibu hilo moja.

Jambo la pili lilikuwa kukausha. Mtu hawezi kuona njia ya maji mahali palipokwisha kulowa pote. Tulitoa viti, tukainua zulia, na chini ya zulia tukakuta sifongo nene iliyonywa maji mpaka ikashiba. Hii ndiyo hila ya motokaa: juu zulia laweza kukauka likakudanganya, ilhali sifongo ya chini ingali imefumbata maji kwa majuma mengi, ikilisha kutu na kuoza nyaya. Tulianika vyote juani siku nzima.

Jambo la tatu lilikuwa hesabu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji kamili. Fanya hesabu hiyo mwenyewe utaiona. Turubali la motokaa ile, pamoja na kioo chake cha nyuma, tulilipima tukaliona lakaribia mita mbili za mraba. Basi mvua ya milimita 20, ambayo si ajabu katika masika, humwaga juu yake lita 40, yaani ndoo mbili kubwa. Lita hizo lazima ziende mahali fulani. Hapo kijana aliuliza swali ambalo mafundi hawakuliuliza. Alisema, "Mwalimu, zilikuwa zikienda wapi wakati baba alipokuwa hai na motokaa haikulowa?" Weka swali hilo akilini.

Jambo la nne lilikuwa kuweka mtego. Nilisaga vipande vya chaki vikawa unga, tukaunyunyiza juu ya chuma kikavu cha sakafu, mbele hata nyuma, na kandokando ya milango. Maji yakipita juu ya chaki huacha mfereji usioweza kukanushwa. Kisha tukajaribu mipira ya milango kwa karatasi. Huweka kipande cha karatasi ya daftari katika mlango, ukaufunga, ukaivuta taratibu. Ikishikwa sawasawa, mpira wafanya kazi. Ikitoka bila kupingwa, hapo pamelegea. Pote karatasi ilishikwa, ila katika pembe moja ya juu ya mlango wa kushoto.

Jambo la tano ndilo jaribio lenyewe. Kijana alishika tochi akalala ndani. Mimi nikashika mpira wa maji nje. Kanuni zilikuwa tatu. Maji yamwagwe polepole kama mvua, yasirushwe kwa nguvu, maana nguvu huingiza maji mahali ambapo mvua haiwezi. Yaanzie chini yapande juu, maana ukianza juu maji huteremka yakalowesha kote, usijue ni wapi palipokubali. Na yamwagwe mahali pamoja tu kwa dakika kumi kamili kabla ya kuhamia pengine. Kila hatua kijana aliitaja kwa sauti nami nikaiandika.

Kizingiti cha mlango: pakavu. Kioo cha mbele: pakavu kabisa, na mafundi wote wawili walikuwa wamekishtaki. Pembe ya juu ya mlango wa kushoto: matone. Kijana alifurahi akapaza sauti kwamba tumempata mwizi. Nikamwambia ayapime. Kwa dakika kumi yalikuwa hayajafika nusu ya kikombe, ilhali sakafuni tulikuwa tumechota lita nyingi. Hesabu ilikataa. Matone yale yalikuwa kosa la kweli, lakini yalikuwa kosa dogo, na mtu akikamata mdokozi wa sukari asidhani kwamba amemkamata aliyechukua ng'ombe. Tukaandika, tukaendelea.

Nilipofika nyuma, mahali turubali linapoungana na mwili wa motokaa, dakika ya kwanza haikutokea kitu, wala ya pili. Katika dakika ya nne kijana akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, yaja." Nyuma ya kiti maji yalikuwa yakifurika kimyakimya, si kwa matone bali kwa mkondo, yakakata mfereji katika unga wa chaki, yakapita chini ya mahali pa kiti, yakasafiri hata mbele, yakatulia miguuni pa dereva. Nikatoka nikaitazama motokaa kwa mbali. Uani pale ardhi yainama, na motokaa ilikuwa imeegeshwa miaka miwili pua yake ikielekea mteremkoni. Maji yaliingia nyuma yakaonekana mbele, kwa sababu maji hayakai pale yaingiapo, hukaa pale yanapoweza kukaa.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Nyuma ya viti, mahali turubali linapokunjwa, watengenezaji waliweka mtaro wa mpira wa kupokea maji yote yanayoteremka. Katika kila upande wa mtaro huo pana tundu, na katika tundu hilo pana bomba jembamba linaloshuka ndani ya mwili wa motokaa na kuyamwaga maji chini, karibu na gurudumu la nyuma. Waliotengeneza hawakujidanganya kwamba kitambaa kitashinda mvua kila mahali. Waliyapa maji mlizamu wa kupitia. Tulimimina nusu lita katika tundu la kushoto tukangoja. Maji yalisimama kama chai katika kikombe. Upande wa kulia vivyo hivyo.

Kushoto tulikuta majani ya mgrevilea yaliyooza, yamechanganyika na vumbi jekundu yakawa kama tofali. Hatukuchokoa kwa waya, maana waya hutoboa bomba, na bomba likitoboka ndani hapana tena mkono ufikao. Wala hatukupuliza kwa upepo wa nguvu, ambao huweza kulichomoa bomba mahali lilipoungwa. Tulitumia uzi mnene wa nailoni, ncha yake tumeilainisha, tukausukuma kidogo kidogo kwa maji ya vuguvugu, hata tope likakubali. Upande wa kulia uzi ulishuka bila kizuizi mpaka karibu na mwisho, ukagota. Tukaingia chini ya motokaa. Pale maji yalipopaswa kutokea palikuwa na gundi nyeusi, imepakwa vizuri na kulainishwa kwa kidole.

Msomaji, ifikiri gundi ile. Fundi alikuwa mwaminifu. Alitumwa kuziba tundu, akaziba tundu. Ila tundu alilolifunga lilikuwa la kutoka, si la kuingia. Tulipoiondoa maji yaliruka juu ya mikono yetu yakiwa meusi. Kisha tukamimina tena nusu lita kila upande, na kabla kijana hajahesabu kumi yakawa yamekwisha kuonekana chini ya gurudumu. Kazi yote kubwa haikutugharimu ila uzi. Fedha tulitumia kwa lile kosa dogo tu: mpira wa mlango uliotumika, tulioununua Barabara ya Kirinyaga.

Si kila kilichoharibika kilipona. Kutu ilikuwa imekwisha kula kidogo mahali panapofungiwa kiti cha dereva, na fundi wa kuchomelea chuma akapatengeneza. Mnunuzi mwingine alipokuja, wakati wa mvua, mama hakumficha; alimwonyesha daftari letu, akamwonyesha chuma kilichochomelewa, akamwonyesha matundu mawili ya kusafishwa kila msimu. Mtu yule alitia mkono chini ya zulia, akautoa mkavu. Bei aliyotoa haikumtajirisha mama yule, lakini ilitosha karo ya mwaka wa kwanza, na ilikuwa bei ambayo hapana upande ulioionea haya.

Nimekueleza kisa hiki kirefu kwa sababu kina mafunzo mawili, nami naona la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

La kwanza ni hili: mahali dhara linapoonekana aghalabu sipo lilipoanzia. Nalijua hili darasani. Mwanafunzi wa sekondari hushindwa na mlinganyo wa aljebra, nasi twamrudishia mlinganyo ule ule mara kumi, kama gundi juu ya gundi. Ukimpeleka taratibu kutoka chini kwenda juu, hatua moja moja, waweza kuona kwamba aljebra aielewa. Asichokielewa ni sehemu za hesabu, ambazo zilimpita katika shule ya msingi siku alizokuwa mgonjwa. Maji yaliingia huko, yakasafiri miaka mingi, yakaonekana leo.

La pili ni hili: si kila mvujo ni ufa wa kuzibwa, mwingine ni njia ya kufunguliwa. Masika ya mwaka 2024 yalipoleta mafuriko makubwa Nairobi, watu wakapoteza maisha na makao, mvua kweli ilikuwa nyingi kupita kawaida. Lakini mitaro iliyojaa takataka, na majengo yaliyosimamishwa katika kingo za mito, yaliyanyima maji njia yao ya kale, nayo yakajitafutia nyingine kupitia vyumba vya watu. Mtu aliyetupa mfuko wa plastiki mtaroni hakutoboa paa la jirani yake, lakini alimwingizia maji nyumbani. Na hata katika mambo ya moyo ni vivyo hivyo. Mtoto asiyepewa nafasi ya kusema linalomsumbua hulimwaga katika ugomvi uwanjani, nasi tukaongeza adhabu, ambayo ni gundi, pale ambapo kikao kimoja cha kumsikiliza kingekuwa mlizamu.

Basi, kijana unayesoma, siku moja kitu chako kitavuja: paa, mfuko, urafiki, au masomo. Usikimbilie gundi, wala usingoje kiangazi kikufichie aibu. Uliza kwanza ni maji gani. Kausha, upime, uandike. Jaribu mahali pamoja kwa wakati mmoja, na hesabu ikikataa usiilazimishe ikubali. Kisha, kabla hujaziba tundu lolote, jiulize kama tundu hilo liliwekwa kwa kuingia au kwa kutoka. Methali ingali kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukiziba mlizamu kwa kudhani ni ufa, ukuta nao utauangusha.